Redio au leza? Ulinganisho kwa anayepanga jinsi setilaiti itakavyozungumza na ardhi

Redio ya UHF ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye setilaiti za wanafunzi, haishushi hata megabaiti moja katika pito zuri la dakika kumi juu ya kituo. Piga hesabu mwenyewe: 9,600 mara sekunde 600, gawa kwa 8, unapata kilobaiti 720, na hapo hujatoa kile kinacholiwa na marudio na vichwa vya pakiti. Picha moja ya simu ya kawaida inazidi hapo. Upande wa pili yuko TBIRD, kifaa cha leza kilichotengenezwa na MIT Lincoln Laboratory kwa ajili ya NASA na kurushwa Mei 2022 ndani ya setilaiti ndogo ya 6U, yaani ukubwa wa michemraba sita ya sentimita 10 (U moja ni mchemraba mmoja). Mwaka 2023 kilishusha terabaiti 4.8 katika pito moja la dakika zipatazo tano, kwa kasi iliyofika gigabiti 200 kwa sekunde.

Mtu akiziona namba hizo mbili zimekaa pamoja huona hakuna tena cha kujadili. Kipo, na si kidogo. TBIRD ilikuwa ikilenga darubini iliyojengwa kwa mawasiliano ya leza juu ya mlima wa Table Mountain, California, mahali palipochaguliwa kwa sababu anga lake ni safi siku nyingi za mwaka. Redio ya UHF inapokewa na antena uliyoiunga mwenyewe kwa mabomba ya alumini, juu ya paa la maabara, mvua ikinyesha.

Makala haya ni ya wale waliokwama katikati: timu ya chuo inayoandaa setilaiti yake ya kwanza au ya pili, kampuni changa inayotaka kuuza picha za mashamba, afisa wa wakala wa anga anayepitia mapendekezo ya zabuni, au mtu anayetaka tu kuelewa kwa nini NASA wana leza inayofanya kazi lakini hawajang'oa dishi zao.

## Tunapima nini

Watu wengi huanza na kasi, na hapo ndipo hesabu inapopinda. Kasi ni kigezo kimoja kati ya kadhaa. Kinachokuhusu hasa ni data kiasi gani inafika ardhini kwa wiki, si kwa sekunde. Kisha kuna ugumu wa kulenga, yaani setilaiti inatakiwa itulie na kuelekea wapi, kwa usahihi gani. Kuna mawingu na mvua. Kuna kituo cha ardhini, kitu ambacho timu nyingi hukikumbuka mwishoni, bajeti ikiwa imeshakwisha. Kuna umeme, uzito na nafasi ndani ya chombo. Kuna vibali. Na kwa wachache, kuna suala la kusikilizwa na wasiohusika.

Nitazipitisha redio na leza kwenye vigezo hivyo hivyo, ila sitavipa uzito sawa. Kulenga na mawingu ndiko vita vilipo.

## Kinachozitofautisha

Zote mbili ni mawimbi ya aina moja, na zote husafiri kwa mwendo wa mwanga. Leza haifiki mapema kuliko redio. Desemba 2023, chombo Psyche cha NASA kilipotuma video kwa leza kutoka kilomita milioni 31, mawimbi yalichukua sekunde 101 kufika. Ujumbe wa redio ungechukua sekunde zile zile.

Tofauti iko kwenye urefu wa wimbi. Redio ya bendi ya X, gigahezi 8.4, ina wimbi la sentimita 3.6 hivi (bendi ni majina ya masafa; kutoka chini kwenda juu tutakutana na UHF, S, X na Ka). Leza za mawasiliano nyingi hutumia mwanga wa infraredi wa nanomita 1,550, ule ule unaopita kwenye nyaya za faiba chini ya barabara zetu. Wimbi hilo ni fupi mara zaidi ya 20,000. Kanuni ya msingi inasema mwale hutanuka kwa kadiri ya urefu wa wimbi gawa kwa upana wa antena au darubini inayoutoa. Chukua umbali wa kilomita milioni 225, ambao ni wastani wa kutoka hapa hadi Mars. Dishi la redio la mita 3 kwenye bendi ya X likituma kutoka huko, mwale ukifika hapa umeshatanuka kilomita milioni 2.7, zaidi ya mara 200 ya upana wa Dunia. Karibu nguvu yote inapotelea gizani. Darubini ya sentimita 22, kama ile iliyofungwa kwenye Psyche, hutoa mwale unaofika na upana wa kilomita 1,600 hivi. Ni kama kurunzi mbele ya karabai: mafuta yale yale, lakini moja unaielekeza.

Faida zote za leza zinatoka hapo. Na matatizo yake yote vilevile.

## Kiasi cha data

Redio. UHF tumeshaiona. Ukipanda bendi ya S, megabiti 2 kwa sekunde kwa pito la dakika nane zinakupa megabaiti 120. Bendi ya X ya megabiti 100 kwa dakika hizo hizo nane inakupa gigabaiti 6. Bendi ya Ka hupanda zaidi. Chombo LRO kinachozunguka Mwezi tangu 2009 hushusha megabiti 100 kwa sekunde kwa bendi hiyo, kutoka umbali wa karibu kilomita 385,000. Si haba hata kidogo.

Leza. Mwaka 2013 NASA walijaribu leza kutoka Mwezini kwa chombo LADEE. Kasi ilifika megabiti 622 kwa sekunde, kwa leza ya nusu wati. LCRD, kifaa kingine cha leza cha NASA kilichorushwa Desemba 2021 kwenye mzunguko wa juu unaokwenda sambamba na Dunia, hufanya kazi kwa gigabiti 1.2. Kwa anga za mbali, Psyche ilituma ile video ya sekunde 15, ya paka wa rangi ya chungwa aitwaye Taters akikimbiza nukta ya leza, kwa megabiti 267 kwa sekunde. Wahandisi walioipokea katika kituo cha Palomar, California, waliituma JPL, maabara ya NASA, kwa intaneti ya kawaida, na mtandao huo ukawa wa polepole kuliko ule uliotoka angani. Aprili 2024, Psyche ikiwa kilomita milioni 226, kasi ilishuka hadi megabiti 25. Umbali haumwonei mtu haya, awe na leza au redio.

Sasa hesabu ninayoitaka kila timu iifanye kabla ya kupenda chochote. Kituo kilicho karibu na ikweta huona setilaiti ya mzunguko wa ncha kwa ncha mara chache tu kwa siku. Tuseme mapito manne yenye maana. Kwa wiki ni 28. Bendi ya X ya megabiti 100, pito la dakika nane, mawingu yawepo yasiwepo, inakupa kama gigabaiti 168 kwa wiki. Leza ya gigabiti 1, ukipata dakika tano safi kwa pito, inashusha gigabaiti 37.5. Ina maana mapito matano yenye anga wazi kati ya 28 yanatosha kuipita redio. Hapo leza inashinda hata katika wiki mbaya.

Lakini chukua leza ndogo kabisa sokoni, aina ya CubeLCT iliyotokana na kazi ya DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, na kampuni ya Tesat ya huko huko, inayokaa katika theluthi moja ya mchemraba wa sentimita 10. Kasi yake ni megabiti 100. Ni sawa na redio ya bendi ya X, ila hii inazuiwa na wingu. Ukiinunua kwa sababu ya neno "leza" tu, umejiongezea shida bila kupata megabaiti hata moja ya ziada. Faida yake iko kwingine, kwenye udogo, umeme na vibali, na kwa baadhi ya watu faida hiyo ni kubwa.

## Kulenga

Redio. Antena ya UHF inatawanya mawimbi karibu pande zote. Setilaiti inaweza kuwa inabiringika ovyo, kompyuta imejiwasha upya mara tatu, betri iko nusu, na bado utaisikia ikilia. Aliyekaa kwenye chumba cha kituo siku ya kwanza baada ya setilaiti kuachiliwa anajua thamani ya mlio huo. Bendi ya S na X zinadai kulenga kidogo, na Ka inadai zaidi, lakini ni kwa kipimo cha digrii au sehemu ya digrii, ambacho setilaiti ndogo za siku hizi hukifikia.

Leza. Hapa kipimo ni mikroradiani, sehemu ndogo mno ya digrii. Mwale wa LADEE kutoka Mwezini ulikuwa na upana wa kilomita 6 hivi ulipofika ardhini; ukikosea kidogo mno, ujumbe wako umeangukia bonde la pili. Ndiyo maana kwa kawaida kituo cha ardhini hurusha kwanza mwale wa kuita, setilaiti inauona, inajigeuza kuufuata, kisha ndipo inajibu. Kwa Psyche, mwale huo wa kuita ulitoka Table Mountain, na jibu likapokewa Palomar.

Kuna kasheshe nyingine ambayo vitabu vya kuanzia huiruka. Setilaiti ya mzunguko wa chini hukimbia kilomita 7.6 hivi kwa sekunde. Kituo kinapoiona, kinaona pale ilipokuwa, maana mwanga umechukua muda kushuka. Na mwale utakaopanda utachukua muda tena. Ikiwa setilaiti iko umbali wa kilomita 1,000 na inakatiza mbele yako, lazima ulenge mita 50 hivi mbele ya pale unapoiona. Kwa redio tofauti hiyo humezwa na upana wa mwale na hakuna anayeishughulikia. Kwa leza ni mstari mzima wa programu, na ni kioo kidogo kinachocheza ndani ya kifaa.

TBIRD walikwepa sehemu ya mzigo huo kwa kuigeuza setilaiti nzima badala ya kufunga shingo inayozunguka. Mtindo huo unawafaa wenye chombo kidogo. Gharama yake ni kwamba wakati wa kutuma, kamera haiangalii unapotaka na paneli za jua hazitazami jua.

Sijawahi kusikia chombo cha leza kilichopanda bila redio ya akiba, na sidhani kama kuna mhandisi anayeheshimu kazi yake atakayekubali kukirusha hivyo. Psyche yenyewe hutegemea redio ya bendi ya X kwa amri, afya ya chombo na data ya kisayansi. Leza ilipandishwa kama jaribio. Kwa hiyo ukisikia "tuchague moja", kumbuka kwamba anayechagua leza amechagua mbili.

## Mawingu na mvua

Redio. UHF na S hazijali mawingu. X inapungukiwa kidogo kwenye mvua kubwa. Ka ndiyo inayoumia: mvua ya masika ya Pwani, ile inayoshuka kama imemwagwa, inaweza kuinyamazisha kabisa kwa dakika kadhaa. Lakini mvua kubwa kama hiyo haikai siku nzima, na wingu peke yake halitoshi kukuharibia pito.

Leza. Wingu zito likiwa katikati, hakuna mawasiliano. Si kwamba kasi inapungua, inakatika. Matone ya maji ndani ya wingu hutawanya mwanga wa infraredi pande zote. Ukungu hufanya hivyo hivyo. Hata anga likiwa wazi, hewa yenye joto inayopanda mchana huutikisa mwale, jambo unaloliona kwa macho juu ya lami saa nane mchana.

Ukanda wetu una masika na vuli, na katikati yake kuna asubuhi za mawingu mazito nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Njombe na Kigali. Ukiweka darubini ya leza kwenye kampasi ya Nairobi kwa sababu tu ndipo maprofesa walipo, utalipia uamuzi huo kila Aprili. Maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya, upande wa Turkana, yana anga linaloahidi zaidi, ila huko utakutana na vumbi, barabara na umeme. Njia inayotumiwa na wakubwa ni kuwa na vituo viwili au zaidi vilivyo mbali kiasi kwamba wingu moja haliwezi kuvifunika vyote. LCRD ina kimoja California na kingine Haleakalā, Hawaii.

Kuna mfano wa jirani, ingawa ni wa ardhini. Mradi wa Taara wa kampuni mama ya Google uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwale wa mwanga unaovuka Mto Kongo, chini kidogo ya kilomita 5. Mwaka 2021 walitangaza kuwa karibu terabaiti 700 zilivuka ndani ya siku 20, na huduma ilikuwepo kwa asilimia 99.9 ya muda. Asiusome mtu ushahidi huo kama ruhusa ya kusahau mawingu: mwale wa Taara hupita chini yake, wa setilaiti lazima uyapenye. Unachothibitisha ni kwamba vifaa vya mwanga vinaweza kuishi kwenye joto na unyevu wa huku.

Na hapa pana jambo linalochanganya watu. Anayepiga picha za kawaida za ardhi anaweza kujifariji kwamba kukiwa na wingu hata kamera haioni kitu, basi leza ikikwama hakuna hasara. Faraja hiyo ni ya nusu tu, kwa sababu setilaiti hupiga picha sehemu moja na kuzishusha sehemu nyingine. Kwa wenye rada ni mbaya zaidi. Rada huona kupitia mawingu, na inahitajika hasa siku kama zile za mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hapa Kenya na Tanzania. Data yake ni nyingi mno, na wakati wa kuihitaji ndio wakati ambao leza ya moja kwa moja hadi ardhini haifanyi kazi.

Wazungu wa ESA, wakala wa anga wa Ulaya, walilitatua hilo kwa njia ya kuvutia. Setilaiti zao za Sentinel-1, ambazo ni za rada, hutuma data kwa leza kwenda juu, hadi setilaiti ya EDRS iliyo kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa kasi ya hadi gigabiti 1.8. Kutoka hapo data hushuka kwa redio ya bendi ya Ka. Leza inatumika palipo wazi daima, redio inatumika penye mawingu. EDRS ya kwanza ilipanda Januari 2016, na kwa maoni yangu huo ndio mpangilio wenye busara kuliko yote yaliyojaribiwa mpaka sasa. Starlink nao hupeleka data kati ya setilaiti na setilaiti kwa leza, lakini kwako wewe mteja wa Kisumu au Bujumbura inakushukia kwa redio.

## Kituo cha ardhini

Redio. Kwa UHF, antena mbili za Yagi, mota ya kuzungusha, kipokezi cha programu na kompyuta. Kama huna hata hivyo, kuna mtandao wa SatNOGS wa vituo vya watu waliojitolea duniani, watakaoisikiliza setilaiti yako ikiwa mbali na kwenu. Kwa S na X unaweza kukodi dishi za kampuni za vituo kwa dakika. Ukanda wetu hauanzi sifuri: kituo cha Luigi Broglio huko Ngomeni, karibu na Malindi, kimekuwa kikisikiliza vyombo vya angani tangu miaka ya 1960. Ni kutoka jukwaa lake la San Marco baharini ndipo Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengewa astronomia ya eksirei, iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya.

Leza. Unahitaji darubini inayoweza kukimbizana na setilaiti, kitambuzi cha mwanga, kuba la kuikinga, na mtu anayejua kusafisha kioo. Kwa setilaiti ya mzunguko wa chini, darubini ya sentimita 40 hadi 80 inaweza kutosha. ESA wana ya mita 1 huko Tenerife, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa anga za mbali mambo huwa mengine kabisa: Psyche ilipokewa na darubini ya Hale ya mita 5 pale Palomar, yenye kitambuzi cha nyuzi nyembamba mno zilizopoozwa hadi karibu na sifuri halisi, kinachohesabu chembe za mwanga mojamoja. Vituo vya leza vya kukodi vipo, ila ni vichache kuliko vya redio, na vifaa vya makampuni tofauti havielewani kila mara. Uliza swali hili kabla ya kusaini chochote: leza hii inaongea na kituo gani, tayari, leo?

Ndiyo maana nasema uamuzi wa leza hufanywa ardhini. Kifaa cha angani unakichagua kwenye katalogi. Anga lililo juu ya kituo chako hulichagui.

## Umeme, uzito na nafasi

Hapa leza inatamba, mradi ulinganishe kasi kwa kasi. NASA walipoulinganisha mfumo wa LADEE na redio ya LRO, leza ilikuwa na nusu ya uzito, ikitumia umeme pungufu kwa robo, na kasi yake ilikuwa mara sita. Lakini kama unachohitaji ni kilobaiti chache za vipimo vya joto, redio ya UHF ni bamba dogo linaloenea kiganjani, na hakuna leza itakayolishinda.

Jambo moja la karakana: TBIRD ilijengwa kwa vipande vya kawaida vya mitandao ya faiba ili kupunguza gharama. Katika majaribio ya ombwe, nyuzi ndani ya kikuza-mwanga ziliyeyuka kwa joto, kwa sababu huko hakuna hewa ya kulipoza. Ilibidi wakitengeneze upya. Anayekuambia vifaa vya faiba vinapanda angani jinsi vilivyo hajaviweka kwenye chumba cha ombwe.

## Vibali

Redio. Masafa yanaratibiwa kimataifa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na nyumbani unapitia mamlaka ya mawasiliano: CA kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, UCC kwa Uganda au RURA kwa Rwanda. Wanaotumia masafa ya wapenzi wa redio hupitia pia IARU, umoja wao wa kimataifa. Anza mapema, makaratasi haya huchukua miezi mingi, na kuna timu ambazo setilaiti imekuwa tayari kabla ya karatasi.

Leza. Kanuni za redio za ITU zinaishia gigahezi 3,000, na mwanga uko juu ya hapo. Hakuna masafa ya kuomba wala kugombania. Hiyo ni nafuu ya kweli. Ila mwale wa kuita unaopanda kutoka ardhini unaweza kumkuta rubani, kwa hiyo mamlaka ya usafiri wa anga lazima ihusishwe, na eneo lililo chini ya njia ya ndege za Entebbe au Dar es Salaam litakuletea maswali.

## Kusikilizwa na kuvurugwa

Redio ya pande zote husikika na kila mwenye antena, na inaweza kuvurugwa kwa kelele. Mwale mwembamba wa leza ni mgumu kuunasa bila kuwa ndani yake. Kwa jeshi na mabenki hilo lina uzito. Kwa picha za kahawa ya Mbeya, usimbaji wa kawaida unatosha na kubaki.

## Kwa hali yako

Kama hii ni setilaiti yenu ya kwanza, ya 1U au 3U, na lengo ni kujifunza kuirusha na kuisikia, chukueni redio. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya 2018 ilikuwa 1U, na Taifa-1, iliyopanda Aprili 2023, ilikuwa 3U. Kwenye ukubwa huo kila wati ina mwenyewe. UHF kwa amri, na bendi ya S kama kuna picha. Msiongeze leza ili tu pendekezo la ufadhili lipendeze.

Kama tayari mna setilaiti iliyofaulu, ya pili ni ya 6U au kubwa zaidi, na kamera inazalisha makumi ya gigabaiti kwa siku, fanyeni ile hesabu ya wiki kwa namba zenu wenyewe. Bendi ya X ikitosha, bakini nayo. Isipotosha, leza ya gigabiti 1 au zaidi ina maana, kwa masharti mawili: chombo kiwe na hifadhi ya kuvumilia siku kadhaa za mawingu, na kuwe na angalau vituo viwili vilivyo mbali, hata kama kimoja ni cha kukodi nje ya ukanda huu.

Kama wateja wenu wanataka data ndani ya saa moja, kwa mfano wasimamizi wa maafa, leza ya moja kwa moja hadi ardhini haiwafai. Tafuteni huduma ya kupitia setilaiti nyingine, leza juu na redio chini, au lipieni mapito mengi ya redio kwenye vituo vya karibu na ncha za Dunia, ambako setilaiti hupita karibu kila mzunguko.

Kama mnajenga kundi la setilaiti zinazohitaji kuongea zenyewe kwa zenyewe, leza ndiyo ya kufikiria kwanza. Huko juu hakuna wingu, na hoja kubwa dhidi yake inaondoka.

Kama ni chombo cha Mwezini au mbali zaidi, zote mbili, bila mjadala. NASA wenyewe wamefunga vioo saba kwenye dishi la redio la mita 34 huko Goldstone, ili antena moja isikie redio na leza ya Psyche kwa wakati mmoja. Chombo Voyager 1, kilichoondoka 1977, bado kinasikika kwa redio ya wati 23 na biti 160 kwa sekunde, na hiyo ni rekodi ambayo leza haijapata muda wa kuijaribu.

Na kama ni idara ya fizikia au uhandisi isiyo na setilaiti wala fedha za setilaiti, lakini inataka wanafunzi waingie kwenye leza, anzeni na paa. Fungeni kamera ya kutazama mawingu, iache ipige picha anga lenu kila dakika mchana na usiku kwa mwaka mzima, kisha mhesabu saa ngapi zilikuwa wazi, mwezi kwa mwezi. Kifaa ni cha bei ya kompyuta mpakato. Data hiyo hamtaipata kwenye katalogi ya mtu, na siku atakapokuja mwenye setilaiti akitafuta pa kuweka darubini, ndiyo atakayoiulizia kwanza.